Usitupe mswaki wa marehemu (kwa mwenye mfuko wa nywele)

Mkuu, kabla hujasoma mstari wa pili, mpigie shangazi aache kugawa na kuchoma vitu vya mzee. Sasa hivi. Nakusubiri.

Umeandika kwamba mzee amefariki, kajitokeza kijana anadai ni mwanawe, nanyi hamna wasiwasi kwa sababu kinyozi alimnyoa juzijuzi na nywele mmezihifadhi kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya kipimo cha DNA. Aisee! Mirathi yetu ilikwama hapohapo.

Sisi tulidanganywa na jamaa aliyejiita wakala wa vipimo, ana picha ya darubini WhatsApp, suti imempwaya. "Nywele ni DNA tupu, vingine tupeni." Tukatupa: mswaki, wembe, leso, hadi meno ya bandia. Tukabaki na nywele, tunazilinda kuliko hati ya kiwanja. Hela ya ushauri kala, simu haipatikani. Siku nikimkuta stendi nitamwomba sampuli ya nywele zake, na nitazing'oa na mizizi.

Sikiliza. Unywele uliokatwa kwa mashine ni kitu kilichokufa. Seli zake zilishapoteza kiini, na DNA ya kiini ndiyo inayobeba ya baba na ya mama. Kinachobaki cha kutegemea ni DNA ya mitokondria (vijisehemu vidogo vya seli vilivyo nje ya kiini), ambayo mtu huirithi kwa mama yake tu. Kwa hiyo zile nywele zingetuonyesha ukoo wa bibi mzaa baba, ambaye hakuna aliyekuwa na kesi naye! Mzee hakumwachia mtoto yeyote mitokondria yake, awe wa ndoa au wa nje. Unywele wa maana ni ule uliong'oka na mzizi. Na msinitajie maabara za Marekani zinazosoma vipande vya DNA kwenye nywele zisizo na mizizi. Zipo, ila ninyi mnakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali hapa Tanzania, na kwa sheria ya vinasaba ya 2009 huingii pale na kifurushi chako kwapani. Ombi linapitia kwa mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii.

Halafu nailoni! Unyevu ukinaswa humo, bakteria na ukungu wanamaliza kilichobaki. Kausha kivulini, tia kwenye bahasha ya karatasi, kila kitu na bahasha yake.

Sehemu zenye DNA? Kila seli yenye kiini: za shavuni zinazotoka na mate, ngozi, shahawa, mifupa, meno. Damu ndiyo, lakini kwa chembe nyeupe. Nyekundu zilizokomaa hazina kitu.

Wewe shika hili tu: kilichoingia mdomoni mwa mzee au kilichomkwangua ngozi, kitunzwe. Na kiwekwe mbele ya mashahidi, maana upande wa pili watauliza kama mswaki si wa shemeji. Kama aliwahi kutolewa kinyama kikapelekwa kupimwa, ulizeni hospitali, mara nyingi hubaki kimehifadhiwa kwenye nta.

Mkikosa vyote, na huyo kijana ni wa kiume, baba yako mdogo wa baba mmoja na mzee anayo kromosomu Y ileile, ile sehemu ya DNA ambayo baba humpa mwanawe wa kiume. Ila kipimo hicho kinasema kijana ni wa ukoo huo wa kiume, hakisemi ni wa kaka yupi. Mtazame baba mdogo usoni kwanza kabla hujapendekeza.