Mmeanza G, mmemaliza F: kwa walimu wa kwaya za shule

Mara ya kwanza kupeleka kwaya ya shule kwenye tamasha, hapa hapa Moshi, nilirudi nyumbani nikiamini tumeonewa. Sare zilikuwa mpya, hatua zimekaa sawa, ukumbi ulijaa vigelegele. Tukawa wa sita. Karatasi ya alama niliikunja nikaitia kwenye begi bila kuisoma. Wiki moja baadaye nilipoifungua, jaji mmoja alikuwa ameandika kwa kalamu: "Mmeanza G, mmemaliza F."

Nikatafuta video aliyorekodi mzazi, nikasikiliza mwanzo na mwisho huku kidole kikiwa kwenye kinanda. Alikuwa sahihi. Tulishuka toni nzima, kutoka noti ya G hadi noti ya F iliyo chini yake, ndani ya beti tatu, na mimi niliyesimama mbele yao sikusikia, kwa sababu nilishuka pamoja nao.

Tangu hapo nimekaa kwenye meza ya majaji mara kadhaa, Moshi na Arusha, na kosa hilo ndilo ninaloliona kuliko yote. Watoto wakishuka ngazi ya noti, m-r-d (mi, re, do), hatua kati ya noti na noti huwa pana kupita kiasi. Wakipanda, hasa m kwenda f (mi, fa) na t kwenda d (ti, do), huwa fupi. Ongeza pumzi iliyokwisha katikati ya mstari, wimbo mzima unateremka. Dawa yake ni uvumilivu: imbeni noti tupu bila maneno, polepole, sauti moja moja, na kila mwisho wa ubeti gusa kinanda uone mko wapi. Usikipige muda wote, watakiegemea. Simu yako pia inatosha: rekodi, kisha linganisha sekunde za kwanza na za mwisho.

Jambo la pili ni maneno. Nimesikia kwaya yenye sauti nzuri mno ikiimba "samani ya mtoto" ubeti baada ya ubeti, na wimbo ulihusu thamani ya mtoto. Mtoto akageuka meza na makabati! Th, dh na gh zifundishwe kabla ya noti, na r zitenganishwe na l. Angalia pia mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo pigo zito likiangukia "mi" ya "milima", sikio la jaji linakwama hapo hapo. Ukitunga au kutafsiri wimbo, usome kwanza kama mazungumzo.

Karatasi za alama hutofautiana, lakini kiini hakibadiliki sana. World Choir Games, mashindano yaliyoanza Linz, Austria, mwaka 2000 na kufika Tshwane, Afrika Kusini, mwaka 2018, huangalia usahihi wa sauti, ubora wake, uaminifu kwa noti zilizoandikwa na mguso wa kisanaa kwa jumla. Kule medali hufuata kiwango cha alama, hivyo kwaya kadhaa zinaweza kupata dhahabu kwa pamoja. Kwetu mavazi na miondoko huwa na alama zake, sikatai, ila ninaumia kuona shule ikitumia wiki mbili za mwisho kwenye hatua za miguu huku sauti ya pili bado inaimba sauti ya kwanza.

Wavulana wa kidato cha kwanza na cha pili, tafadhali wahurumieni. Sauti inapovunjika, mtoto aliyeimba teno, sauti ya juu ya wanaume, mwezi wa tatu huenda mwezi wa sita hana noti ya juu kabisa. Msikilize upya kila mwezi, mhamishe, mwambie wazi kwamba si kosa lake. Ukimlazimisha atapiga kelele, na kelele ya mmoja inavunja uwiano wa arobaini.

Siku yenyewe, wasiimbe kwenye basi la Coaster. Nimeona kwaya ikiteremka kutoka Rombo ikiimba njia nzima, ikafika jukwaani imekauka. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi Arusha si ya mchezo: maji ya uvuguvugu, masweta hadi dakika ya mwisho. Ukitoa sauti ya kuanzia, usikimbilie. Waachie waimumunye, kila sauti ipate noti yake. Majaji watasubiri.

Matokeo yakitangazwa, omba karatasi yako hata kama mmekuwa wa mwisho. Jumatatu isome mbele ya watoto, mstari wa wimbo aliouandikia jaji uimbwe hapo hapo, na wao wenyewe watakuonyesha ulipopotea.