Kugeuza ghala la karafuu kuwa nyumba: anza na saruji

Watu wanaoniuliza habari za ghala letu la karafuu kule Pemba huanza na madirisha, vigae na rangi. Swali langu kwao ni moja: ukutani kuna saruji? Kama ipo, ibandueni kwanza. Hayo mengine yatangoja.

Maghala mengi ya zamani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu. Ukuta ni mnene, mara nyingi kama nusu mita, na katikati yake mna vifusi na udongo tu. Ukuta wa aina hii hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha jua na upepo huyatoa. Chokaa huyapisha, saruji huyafungia ndani. Yakikosa pa kutokea hupanda, yanabeba chumvi, na udongo ulioshika mawe unalegea bila mtu kuona.

Ghala letu liliwahi kutumiwa kuwekea mbolea, na walioligeuza wakati huo wakalipiga lipu ya saruji nje na ndani. Kwa macho lilikuwa zuri. Ukiligonga kwa nyundo, lililia kama debe tupu. Kipande cha kwanza kilipoporomoka, nyuma yake palikuwa na tope la unga mweupe wa chumvi, na mawe mawili yalitoka kwa vidole.

Kubandua kunataka subira. Tumia patasi na nyundo ndogo, kipande kwa kipande, maana saruji iliyoshika barabara huondoka na jiwe lake. Lakini paa litengenezwe kwanza, kabla ya masika, na maji ya paa yaelekezwe mbali na msingi. Ukishabandua, uache ukuta wazi upigwe na kaskazi. Majirani watasema umeishiwa pesa, waache waseme.

Lipu mpya ni chokaa fungu moja kwa mchanga mafungu matatu. Chokaa iwe imelowekwa muda mrefu, na mchanga usiwe wa pwani, utajirudishia chumvi ileile. Rowesha ukuta kwanza, kisha piga tabaka nyembamba, kama sentimita moja, na ulifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa huwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo jua kali likiikausha haraka hupasuka na kumeguka. Vaa glavu na miwani: chokaa huunguza, na ikiingia jichoni ni kuosha kwa maji mengi papo hapo na kwenda hospitali.

Na msimamie fundi. Fundi aliyezoea matofali ya bloku hamwamini mtu anayekataa saruji; ukigeuka, anachanganya kibakuli kimoja "ili ishike". Wanaoijua chokaa hasa utawapata zaidi Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na ambako nyumba za mawe hukarabatiwa mara kwa mara. Kumleta mmoja Pemba akawafundisha vijana wa kijijini ni gharama, lakini mimi ningepunguza vigae kabla ya kumpunguza yeye.

Upande wa matumizi mapya, choo na bafu viweke nje, kwenye kibanda kilichoegemezwa, chenye ukuta wake wa bloku. Bomba linalovuja ndani ya ukuta wa udongo hulijui mpaka ukuta umevimba. Mabomba ya umeme yapite juu ya lipu, hata kama hayapendezi. Usimwage zege sakafu nzima, maana unyevu wa chini utasukumwa kwenye kuta zilezile ulizozikausha.

Madirisha sasa. Ghala lilikuwa na matundu madogo ya hewa, na kishawishi ni kuyapanua. Panua kimo, upana uache. Ukikata upana kwenye ukuta wa vifusi, utahitaji linta (boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha) ndefu inayokalia pande zote mbili vizuri, na mwenye kupima hilo ni mhandisi.

Boriti za mikoko usizitupe kwa sababu zina rangi ya moshi. Zitoboe kwa bisibisi kwenye ncha zilizozama ukutani, ndiko mchwa na unyevu huanzia. Ncha ikiwa mbovu na katikati ni nzima, kata ncha, boriti uihamishie kwenye chumba chembamba zaidi. Kwa boriti mpya, ulizia kibali idara ya misitu kabla hujamlipa muuzaji.