Maswali ya Wasomaji: Thurmond, mji wa reli uliobaki na watu 5

SWALI: Nimeona picha za Thurmond, West Virginia. Majengo ya matofali, benki ikiwemo, yamejipanga kando ya reli na hakuna hata mtu. Lakini nasikia treni bado zinapita hapo. Huku kwetu mji wa reli hufifia treni zikiacha kuja. Wao imekuwaje?
Msomaji, Tabora

JIBU: Zinapita, ila hazina tena haja ya kusimama.

Reli ya Chesapeake & Ohio ilikamilika katika bonde la mto New mwaka 1873. Mwaka huohuo Kapteni W. D. Thurmond alipewa pale ekari 73 kama malipo ya kazi ya upimaji. Migodi ya makaa ya mawe ilipofunguliwa kwenye mabonde ya jirani, Thurmond ikawa mahali pa kupanga mabehewa: matupu yanapelekwa migodini kwa reli za matawi, yaliyojaa yanarudishwa, kisha yanaungwa kuwa treni ndefu za kwenda mashariki au magharibi.

Kazi hiyo peke yake isingelisha mji. Kilichoulisha ni injini ya mvuke, ambayo haiendi mbali bila kuhudumiwa. Makaa yalimwagwa kwenye behewa lake la nyuma kutoka mnara wa zege wa 1922, wenye uwezo wa tani 500, na maji yakajazwa kutoka kwenye tanki. Mchanga nao ulihitajika, wa kumwaga relini magurudumu yanapoteleza, na ulikaushwa kwanza kwa jiko kwa sababu ukiwa na unyevu huganda na kuziba bomba. Majivu yalikwanguliwa, kwani yakigandamana chini ya moto hewa haipiti, mvuke unashuka na treni inakwama mlimani. Boila ilisafishwa angalau mara moja kwa mwezi kwa matakwa ya sheria. Chumvi za maji zikijikusanya ndani, joto haliyafikii maji vizuri na bati la boila linaungua. Kila kazi hapo ina mtu wake, na kila mtu anahitaji kitanda, chakula na kinyozi.

Injini ya dizeli haitaki maji ya mvuke wala haitoi majivu, na tanki moja la mafuta huifikisha mbali. Miaka ya 1950 ilipokwisha, Thurmond haikuwa na cha kuiuzia. Tusiilaumu dizeli peke yake, hata hivyo: National Bank of Thurmond ilifungwa 1931, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na moto ulishateketeza majengo makubwa. Sensa ya 2010 ilihesabu wakazi 5.

SWALI: Ni kweli mji haukuwa na barabara?

JIBU: Ni kweli. Bonde ni jembamba mno: mto, reli, njia ya miguu, mlango wa duka, halafu mlima. Hadi 1921 njia ya kuingia ilikuwa treni tu, kwa hiyo unga, barua, jeneza, vyote vilishushwa stesheni. Kapteni alikataza pombe kwenye ardhi yake. Wenye kiu walivuka mto hadi hoteli ya Dun Glen, yenye vyumba 100, iliyosifika kwa kamari hadi ilipoungua 1930. Wafanyakazi wa treni hawakuwa na saa maalumu ya zamu, kwa hiyo kampuni za reli za wakati huo ziliajiri vijana wa kupita nyumba kwa nyumba, usiku wa manane ikibidi, kuwaamsha watu. Ukichelewa, treni haiondoki.

SWALI: Mgeni anafikaje?

JIBU: Treni ya abiria iitwayo Cardinal, kati ya New York na Chicago, hupita mara 3 kwa wiki na husimama tu ikiwa kuna abiria wa hapo. Kata tiketi mapema, maana stesheni hapana wa kukukatia. Stesheni yenyewe, ya 1904, imekarabatiwa na inapokea watalii. Bonde zima ni hifadhi ya taifa tangu 2020. Ukija kwa gari, utavuka daraja la njia moja linalopakana na reli, kwa hiyo ngoja anayetoka amalize. Beba chakula na maji, na usipigie picha katikati ya reli: treni za makaa bado zinapita, na kona zake huzioni kwa mbali.