Saladi ya stroberi inatoa maji: je, virutubisho vimepotea?

SWALI: Usiku natayarisha saladi ya spinachi. Nakata stroberi vipande, natia bluberi, chumvi na siki, asubuhi naibeba kazini. Ikifika mchana majani yamelegea na maji mekundu yametuama chini ya bakuli. Je, virutubisho vimeshapotea? Na mama yangu ana kisukari, anaweza kuila?

JIBU: Maji hayo yamevutwa na chumvi. Chumvi inapogusa tunda lililokatwa huvuta maji yaliyomo ndani yake, na majani hulegea kwa sababu hiyohiyo. Wekundu unaouona ni anthosayanini, rangi asilia ya beri, nayo huyeyuka kwenye maji kama vitamini C. Kwa hiyo usiyamwage. Yachanganye tena na saladi, utakuwa umeokoa sehemu kubwa. Kinachopotea kabisa ni ile vitamini C inayoharibiwa na hewa, na kadiri vipande vinavyokuwa vidogo na kukaa muda mrefu, ndivyo hasara inavyoongezeka.

Dawa yake ni kuchelewesha kisu na chumvi. Beba stroberi nzima, na siki, mafuta na chumvi viwe kwenye kichupa cha pembeni; changanya ukiwa tayari kula. Stroberi zioshe asubuhi kwa maji yanayotiririka zikiwa bado na vikonyo vyake, kwa sababu ukiking'oa kwanza maji huingia pale kilipotoka na tunda hupwaya ladha. Kisha zikaushe vizuri kwa kitambaa safi, maana beri yenye unyevu huota ukungu upesi.

Spinachi na stroberi ni ndoa nzuri kweli, na ningependa uielewe. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea mwili huyafyonza kwa shida, na ya spinachi ni magumu zaidi. Vitamini C huyabadilisha yakawa katika hali ambayo utumbo unaweza kuyapokea, lakini sharti viwe kwenye mlo mmoja; stroberi za jioni hazisaidii spinachi ya mchana. Gramu 100 za stroberi mbichi zina takriban miligramu 59 za vitamini C, bluberi zina kama miligramu 10 tu. Basi siku ukikosa stroberi usidhani bluberi peke yake zitafanya kazi hiyo, kamulia limau. Chai na kahawa ziache zisubiri saa moja hivi baada ya kula, kwani huzuia chuma kisifyonzwe. Mafuta kidogo nayo yanahitajika: vitamini K na karotini za majani hazifyonzwi vizuri bila mafuta. Kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni kinatosha, au lozi kiganja kimoja.

Mama anaweza kula. Gramu 100 za stroberi zina sukari kama gramu 5, bluberi kama 10. Rasiberi ndizo ninazozipenda zaidi kwa mwenye kisukari, kwa kuwa kiasi hichohicho kina nyuzinyuzi gramu 6.5, na nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Ale tunda lenyewe, si juisi iliyochujwa. Ajihadhari na beri zilizokaushwa, nyingi huongezwa sukari, na asome lebo ya mchuzi wa saladi wa chupa. Beri hazichukui nafasi ya dawa zake, hata mtu akimwambia zinatibu.

Jambo moja zaidi kuhusu mama: kama anatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, asianze ghafla kula bakuli la spinachi kila siku kabla hajazungumza na daktari wake. Vitamini K ya majani hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Si lazima aache majani, ila kiasi anachokula kisiwe cha kupandapanda na kushukashuka.