Mpira uweke kabatini kwanza: kwa aliyepata Labrador juzi

Ukipata mtoto wa mbwa wa aina ya Labrador au Golden Retriever, mgeni wa kwanza kuja kumwona atamletea mpira wa tenisi. Pokea, shukuru, kisha ufungie kabatini. Mimi sikufanya hivyo. Mbwa wangu Njugu alipofika miezi minane nilikuwa nikimrushia mpira kila jioni kwenye uwanja ulio nyuma ya mtaa wetu hapa Nairobi, mara hamsini, mara sitini, nikidhani namchosha. Wapi! Akapata pumzi za mkimbiaji wa Iten, akawa haachi kunikodolea macho mfukoni, hata nikiwa natoka kanisani. Mwishowe akarudi nyumbani anachechemea. Daktari wa mifugo alimkunja kiwiko taratibu, akaninyanyulia uso: "Mpira, sio?"

Mifupa ya mbwa hawa hukawia kukomaa, inaweza kufika mwaka mmoja na nusu, na ukoo wao una udhaifu wa nyonga na viwiko. Kinachoumiza ni ule mbio-simama-geuka, na kuruka juu kudaka. Matembezi ya polepole hayana neno. Na kijiti usimrushie kabisa, kwa sababu kikichomeka ardhini naye anakikimbilia mdomo wazi, kinaweza kumtoboa koo.

Sasa mcheze nini? Kumbuka mbwa huyu aliumbiwa kazi gani. Mababu wa Labrador walikuwa wakisaidia wavuvi wa Newfoundland, huko Kanada, kisha Waingereza wakawafanya wasaidizi wa wawindaji wa ndege. Mbwa aliketi kando ya bunduki, akatazama bata anaangukia wapi, akangoja. Alipoambiwa ndipo alipokwenda, akamleta bila kumtoboa kwa meno. Ona basi: kukimbia kulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Kubwa lilikuwa kungoja, kukumbuka na kunusa. Wengi wetu hatuwindi, lakini hayo matatu yanafundishika hata kwenye ua wa nyumba ya kupanga.

Chukua soksi nene, ijaze matambara, ishone mdomo. Kwa mtoto gramu 250 zinatosha. Mbwa mzima hubeba nusu kilo. Mkalishe, mshike kola kwa kidole kimoja, rusha hatua kumi. "Ngoja." Atatetemeka mpaka masikio. Hesabu tano kimoyomoyo, halafu nenda ukaiokote wewe mwenyewe. Ndiyo, wewe. Mara tatu kati ya nne soksi iokote wewe, yeye akitazama, ile ya nne ndiyo yake: "Leta!" Akishaishika, usimfuate, maana atadhani ni mchezo wa kukimbizana na hutamshika mpaka magharibi. Geuka, rudi nyuma hatua chache, atakuja. Akifika usimpokonye. Mpapase kifua huku bado ameibana mdomoni, mwache ajivune kidogo, ndipo useme "achia." Mkifanya mara tano au sita, fungeni. Mchezo uishe yeye bado anautaka.

Akishaelewa hapo, ficha soksi kwenye nyasi bila yeye kuona, umwachie pua. Mlete kutoka upande ambao upepo unamjia usoni. Utamwona anapita zigizaga, mkia unatikisika wa kawaida, kisha ghafla kichwa kinapinda kama amevutwa na uzi, na mkia unaanza kuzunguka kama feni. Amepata. Dakika kumi za kazi hiyo zilimlaza Njugu kuliko saa nzima ya mpira. Hata ukienda msitu wa Karura, ambako kanuni ni mbwa awe kwenye kamba, unaweza kuifanya kwa kamba ndefu kandokando ya njia. Mkirudi, mkague kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole. Homa ya kupe si mchezo.

Zawadi za kumlisha akifanya vizuri zitoke kwenye chakula chake cha siku, zisiwe nyongeza. Watafiti wa Cambridge walionyesha mwaka 2016 kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana hitilafu ya jeni inayomfanya asikie njaa kupita kiasi. Yale macho ya huruma, basi, yasikunyime usingizi.

Kuogelea ni kuzuri kwa viungo, ila chagua maji. Ziwa Naivasha usithubutu, kuna viboko. Sisi tulikwenda kwenye bwawa la rafiki Limuru, maji baridi kweli, na Njugu alikataa kutoka. Asubuhi mkia wake ukawa unaning'inia kama kamba iliyolowa, hata kuketi kulimuuma. Nilidhani umevunjika. Kumbe misuli ya mkia ilikuwa imechoka na baridi, jambo linalojulikana sana kwa mbwa hawa, na baada ya siku chache ulirudi wenyewe. Siku hizi tunaanza kwa dakika chache, na masikio namkausha papo hapo.

Jingine dogo lililotupotezea miezi: mimi nilikuwa nikisema "kaa", watoto wanamwambia kwa Kiingereza, dada anayetusaidia nyumbani kwa Kikamba. Mbwa anatutazama tu. Kaeni kama familia, chagueni maneno matano, yaandikeni kwenye karatasi, mbandike kwenye mlango wa friji.