Mtoto wa mbwa anayelia na kutengwa na mama: joto kwanza, maziwa baadaye

Umeuliza kuhusu mbwa aliyezaa watoto saba, na siku ya pili mmoja analia tu, hanyonyi, mama anamsukuma pembeni, nawe unataka kumpa maziwa ya ng'ombe kwa sindano.

Usimpe chochote bado. Nawa, kisha mtie ncha ya kidole kinywani. Mtoto mzima kinywa chake ni cha moto na atakivuta kidole chako kwa nguvu. Ukikuta ulimi wa baridi na taya limelegea, tatizo lake ni baridi, wala si njaa peke yake. Watoto wa mbwa hawawezi kujitengenezea joto la kutosha wiki mbili za mwanzo. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hivi, utumbo husimama. Maziwa utakayompa yatalala tumboni na kumvimbisha, au yatarudi juu na kuingia mapafuni. Mama naye humsukuma mtoto wa baridi; hapo ndipo wengi wanapomlaumu bure.

Mpashe joto taratibu. Mweke kifuani ndani ya shati, ngozi kwa ngozi, au kando ya chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo, ukimgeuza kila baada ya dakika chache. Huchukua saa moja hadi tatu. Ukiharakisha kwa hita ya karibu, utamuunguza ngozi huku ndani bado ni baridi. Akishaanza kuvuta kidole, mpeleke kwenye chuchu za nyuma, ambazo kwa kawaida ndizo zenye maziwa mengi, na uwazuie wakubwa wasimng'oe. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ina maana kubwa zaidi ndani ya saa 24 za kwanza, kwa sababu baadaye utumbo hauzipitishi tena kinga za mama kuingia kwenye damu.

Sanduku lao liwe na nyuzijoto 29 hadi 32 wiki ya kwanza, lakini upande mmoja tu, ili mama apate pa kupoa. Ukitumia taa ya kulelea vifaranga, pima joto pale wanapolala, si juu karibu na taa. Wakirundikana na kulia wana baridi. Wakitawanyika kila mmoja kivyake wamezidiwa na joto. Wakilala wamegusana kidogo, huku miguu ikishtukashtuka usingizini, usiguse kitu. Weka pia ubao pembezoni, sentimita 10 kutoka ukutani, mtoto apate nafasi mama anapojilaza.

Nunua mizani ya jikoni ya gramu. Pima kila mtoto kila siku saa ileile na uandike. Siku ya kwanza anaweza kupungua kidogo, baada ya hapo lazima aongezeke kila siku, na uzito wa kuzaliwa uwe umefika mara mbili kati ya siku ya 7 na ya 10. Mizani itakwambia kabla hajaanza kulia. Asipoongezeka siku moja, mwongezee maziwa; akipungua tena, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Maziwa ya kuongezea yawe yale maalumu ya watoto wa mbwa. Ya mbwa yana protini na mafuta zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe, na ya ng'ombe yana sukari nyingi zaidi inayowaharisha. Mpe kila saa mbili hadi tatu, akiwa amelala kifudifudi. Kamwe usimlaze chali kama mtoto wa binadamu, na usimsukumie: mwache avute mwenyewe. Kisha mpanguse chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu mpaka akojoe, maana kabla ya wiki ya tatu hivi hawezi bila kusisimuliwa.

Mama naye mkague. Uchafu wa kijani kisha kahawia unaopungua ni kawaida. Ukinuka vibaya, na joto lake likizidi 39.5, huenda kizazi kina maambukizi, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Bonyeza kila titi. Lililo gumu, la moto na lenye maumivu nalo lionwe siku hiyohiyo. La kuogopwa zaidi ni upungufu wa kalsiamu, hasa wiki ya pili hadi ya nne, kwa mbwa wadogo wenye watoto wengi: anahema hata kama hakuna joto la hewa, hatulii, miguu inakakamaa, anatetemeka, kisha degedege. Waondoe watoto na ukimbie kwa daktari, hiyo haisubiri kesho. Na usimpe vidonge vya kalsiamu akiwa na mimba ukidhani unakinga. Vinauzoesha mwili kutochota kalsiamu kwenye mifupa, na unaongeza hatari.

Kufikia wiki ya tatu mama atahitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake. Mpe cha watoto wa mbwa, na maji yawe karibu. Dawa ya minyoo ianze watoto wakiwa na wiki mbili, irudiwe kila wiki mbili hadi ya nane, mama akipewa pamoja nao, kwa sababu minyoo huwapata watoto wakiwa tumboni na kupitia maziwa.