Unasihi chuoni: mlango ukae wapi, nani asikilize, nini kifuate

Kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, vyuo vyetu hapa Dar hujaa fulana na mabango. Ni jambo jema, lakini mwanafunzi hazidiwi kwa kufuata kalenda. Anazidiwa wiki ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula), au siku matokeo yanapotoka na jina lake limo kwenye orodha ya waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, au bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) linapochelewa na mwenye nyumba anadai kodi ya geto. Kama bajeti ya unasihi ni ndogo, ipelekeni kwenye wiki hizo.

Kisha angalieni mlango wa chumba cha unasihi. Chumba kilichoandikwa "Afya ya Akili" mkabala na foleni ya zahanati hakiingii mtu, maana atakayeingia atajadiliwa kwenye grupu la darasa kabla hajatoka. Kiwekeni kwenye jengo lenye shughuli nyingine pia. Kifunguliwe saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, walau siku mbili kwa wiki, kwa sababu mchana ni vipindi, na anayerudi Kimara au Gongo la Mboto hawezi kusubiri usiku sana. Namba ya simu ikubali kubipiwa na kupokea meseji za kawaida. Aliyeishiwa bando hana WhatsApp. Na mnasihi, yaani mshauri anayewasikiliza wanafunzi, kamwe asiwe mjumbe wa kamati ya nidhamu. Hilo likikosewa, yote mengine ni kazi bure.

Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), linasaidia likitumiwa vizuri. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Aliyefikisha 10 aonane na mnasihi. Swali la 9 ndilo linalogusa mawazo ya kufa au kujidhuru: jibu lolote linalozidi 0 lishughulikiwe siku hiyohiyo, hata kama jumla ni 4. Panapoharibika ni hapa: dodoso linagawiwa ukumbi mzima, halafu makaratasi yanalala kwenye droo mpaka wiki ijayo, na mtu aliyeomba msaada kwa kalamu hajajibiwa. Gaweni kwa idadi mnayoweza kuisoma kabla ya jioni.

Waelimishaji rika, yaani wanafunzi wanaosaidia wenzao, wana kazi tatu tu: kusikiliza, kuuliza, kusindikiza. Wasigeuzwe matabibu, watachoka na wataumia. Wafanye mazoezi ya kutamka maneno yenyewe kwa sauti: "Naona siku hizi huli na darasani huji. Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo, kunampa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache za kwenda kuita mtu. Mpigie simu mnasihi ukiwa naye palepale. Usimwambie ajikaze. Sala ni nguzo kwa wengi wetu, na mtu anaweza kusali, lakini isiwe badala ya mnasihi.

Siri ina mpaka mmoja, nao ni uhai. Mwambie hivyo mwanzoni mwa mazungumzo, si baada ya kukueleza. Wengine hunyamaza wakiogopa polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Waelezwe kwamba kusema una mawazo hayo si kosa.

Hali ikizidi uwezo wa chuo, rufaa ya Hospitali ya Muhimbili isiishie kwenye karatasi. Hakikisheni mapema kadi ya bima iko hai, na awepo wa kumsindikiza. Kama mitihani imekaribia, barua ya kuahirisha iandikwe kabla ya siku ya kwanza, iambatane na ripoti ya daktari. Ikichelewa, anaweza kuhesabiwa mtoro. Akipewa dawa za sonona, ajue kwamba nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, wakati kichefuchefu au usingizi huja mapema. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifanyi kazi, kwa hiyo simu ya kumuuliza hali ipigwe ndani ya wiki hiyohiyo.